SHETANI ALIYEZALIWA NA MKONO ULIOVUNJIKA

Wakusanyaji wa vinyago Arusha wanalia: vipya vinapasuka, na vingine vinaacha weusi mkononi, kumbe mti laini umepakwa kiwi! Mpasuko, muulize mwanafunzi yeyote wa Chuo cha Misitu Olmotonyi: gogo limechongwa bichi, likaja kukaukia sebuleni kwako.

Ila kasoro nayo ina historia, wadau. Inasimuliwa kuwa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1950, kinyago cha Mmakonde Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Hakukitupa. Alikichonga upya kikawa shetani, mfanyabiashara Mohamed Peera akakipenda, na mtindo wa shetani ndo ukaanzia hapo.

Kuvunjika poa. Kiwi ni wizi. Mpingo halisi unazama kwenye maji, kwahiyo nenda na ndoo.