Saumu ya Mizani

Sisi watu wa mwambao tuna desturi moja ambayo wageni wajifunzao lugha yetu huistaajabia, nayo ni kuihesabu miezi kwa kufungua. Ukiisha mwezi wa Ramadhani huingia Mfunguo Mosi, ukafuatwa na Mfunguo Pili na Mfunguo Tatu, hata ufike Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani na watu waanze kuulizana tena habari za mwandamo. Kwa watu walioutundika mwaka mzima katika msumari mmoja wa kufunga na kufungua, uvumi wa miaka hii ya karibuni, kwamba mtu aweza kupunguza mwili kwa kukaa saa 16 bila ya kula na kula katika saa 8 zilizobaki tu, wasikika kama habari ya mfanyabiashara aliyetoka nchi ya mbali akaja kutuuzia madafu.

Lakini tukiyachunguza vema madafu hayo twaona si ya minazi yetu. Saumu ina nia, na nia hiyo huelekezwa kwa Mwenyezi Mungu. Mfungo huu mpya nia yake ni mizani. Tumbo huwa tupu kwa namna moja katika mifungo yote miwili, ila taarikhi zake ni mbalimbali, na hii ya pili, ambayo ndiyo niliyokusudia kuisimulia, haikuanzia msikitini wala kanisani, bali ilianzia katika ukumbi wa tamasha ambao watu walilipa kiingilio.

Ukumbi huo ulikuwa Clarendon Hall katika mji wa New York, na mwaka ulikuwa 1880. Tabibu mmoja aliyeitwa Henry Tanner, aliyekuwa amechoshwa na wenzake waliomkadhibisha aliposema kwamba amewahi kukaa muda mrefu bila ya chakula, alijitoa mbele ya hadhara tarehe 28 Juni ili afunge siku 40, akalindwa usiku na mchana na waangalizi waliopokezana zamu, huku magazeti yakitangaza kila asubuhi mapigo ya moyo wake na uzito wake kama yatangazavyo bei ya pamba. Tarehe 7 Agosti, saa sita ya mchana, alifungua kwa tunda la fyulisi, akafuatisha tikiti maji, na mizani ikaonyesha kuwa amepungua ratili 36, yaani takriban kilo 16. Hakuna aliyemwendea siku zile kumwuliza namna ya kupata kiuno chembamba. Watu walitaka kujua tu kama atakufa.

Baada yake akaja Mtaliani, Giovanni Succi, aliyefanya njaa kuwa kazi ya kumlisha, akizunguka miji ya Ulaya na Marekani na kudai kwamba nguvu zake zatokana na dawa aliyoipata Afrika. Nawaachia waganga wetu waseme kama kuna aliyempa. Mwaka 1888, mjini Florence, mwanazuoni wa maumbile ya mwili, Luigi Luciani, alimchunguza kwa siku 30 alizofunga, na akaona kuwa, dawa au bila dawa, mwili wa Succi ulipungua siku baada ya siku kama upunguavyo mwili wa mja yeyote asiyekula. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mizani katika taarikhi hii, na msomaji ataiona ikirudi mara nyingi.

Ikiwa mfungo wa saa 16 una babu, basi babu huyo ni tabibu wa mji mdogo wa Meadville, katika jimbo la Pennsylvania, aliyeitwa Edward Hooker Dewey. Wamarekani wa zama zake, hata waliokuwa wamekwisha hamia mijini wakakaa kitako maofisini, waliendelea kula asubuhi kama wakulima, nyama na mayai na viazi na mikate ya siagi kabla jua halijapanda. Naye Dewey, aliyewahi kumwona mgonjwa wake aliyeshindwa kula akipona bila ya kulishwa, akaihukumu staftahi kuwa ndiyo mama wa maradhi. Mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya kuiacha, akiwanasihi watu wasitie kitu kinywani mpaka karibu na adhuhuri. Nasi tukipiga hesabu kwa saa zetu, mtu aliyekula chakula cha usiku saa mbili, kisha akangoja hata saa sita mchana, amefunga saa 16 kamili. Hesabu hii inayouzwa leo katika simu kwa malipo ya kila mwezi ilikuwa inapatikana katika kitabu cha Dewey zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana lugha yetu nayo ina la kusema. Chakula cha asubuhi twakiita kifungua kinywa, au chamshakinywa, na kwa jina hilo twakiri kwamba kila mtu alalaye amefunga, na kila asubuhi ni futari ndogo. Dewey hakuvumbua mfungo. Alichofanya ni kuusogeza mbele mfunguo wake kwa saa chache.

Wafuasi wake hawakuwa na kiasi chake. Mwandishi Upton Sinclair alichapisha mwaka 1911 kitabu cha kuusifu mfungo kuwa tiba ya karibu kila maradhi, na mwaka huo huo, katika kijiji cha Olalla, jimbo la Washington, ilifunuka habari ya kutisha. Linda Hazzard, mwanamke aliyejinasibisha na mafundisho ya Dewey na aliyekuwa na kitabu chake mwenyewe juu ya kufunga, aliwapokea dada wawili wa Kiingereza, matajiri, Claire na Dora Williamson, akawaweka kwa mchuzi mwembamba wa mboga kwa muda wa wiki nyingi. Claire alikufa akiwa mifupa na ngozi, na Dora akaokolewa. Mwaka 1912 Hazzard alihukumiwa kwa kosa la kuua bila ya kukusudia, akafungwa gerezani, akatoka, akaenda New Zealand, akarudi Olalla na kuendelea na kazi ile ile. Sitaki kumdhania kuwa alikuwa mwongo mtupu, kwa sababu mwaka 1938, alipougua yeye mwenyewe, alijitibu kwa mfungo, na mfungo huo ukamwua.

Katika mwaka ule ule wa hukumu yake, upande wa pili wa Marekani, mizani ilifanya kazi yake kwa utulivu zaidi. Francis Benedict, aliyesimamia maabara ya lishe ya Carnegie mjini Boston, alimpokea mtu wa Malta aliyeitwa Agostino Levanzin, aliyekubali kufunga siku 31 kwa maji safi tu. Usiku Levanzin alilazwa ndani ya sanduku lililofungwa pande zote, lililotengenezwa kupima joto la mwili wake na hewa aliyoivuta na kuitoa. Mchana alipimwa mkojo, damu, mapigo ya moyo, na kila kilichoweza kupimika. Aliingia na kilo 60.6 akatoka na kilo 47.4. Jambo lenye kufaa zaidi kuliko jumla hiyo ni mwendo wake: siku za kwanza uzito ulishuka upesi sana, kisha ukashuka polepole zaidi kila siku zilipozidi. Sababu yake ni kwamba mwili humaliza kwanza akiba ya sukari iliyomo katika ini na misuli, na akiba hiyo imefungamana na maji mengi, hivyo kinachotoka mwanzo ni maji zaidi kuliko mafuta. Na mtu afungaye siku tatu akafurahi kwamba amepungua kilo tatu, aghalabu amefurahia maji yatakayorudi kwa sahani mbili za wali.

Miaka ilipita, vita vikuu viwili vikapita, na njaa ya lazima ikawa habari kubwa kuliko njaa ya hiari. Ndipo mwaka 1959 tabibu Walter Bloom wa Atlanta akaandika juu ya kuwafungisha hospitalini wagonjwa wenye miili mikubwa, akieleza kwamba baada ya siku ya kwanza au ya pili wengi hawakulalamika njaa. Na mwaka 1962 Garfield Duncan wa Philadelphia akaeleza mifungo ya vipindi, mgonjwa akifunga, akila, kisha akafunga tena. Mwaka 1967 kundi la George Cahill mjini Boston lilibainisha namna ubongo, ambao kwa kawaida hula sukari, unavyojifunza wakati wa njaa ndefu kula ketoni zinazotokana na mafuta ya mwili, na kwa hiyo fumbo la namna Tanner na Succi walivyoishi siku nyingi bila ya kula likawa limefumbuliwa.

Kilele cha zama hizo ni kijana wa Tayport, Scotland, Angus Barbieri, aliyeingia chini ya uangalizi wa hospitali ya Dundee mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 27 na uzito wa kilo 207. Ilikusudiwa mfungo mfupi. Yeye akapenda kuendelea, na matabibu wakaendelea naye, wakimpima damu na kumpa vitamini na chumvi za madini, huku akinywa chai, kahawa na maji, mpaka zilipotimia siku 382 na uzito ukafika kilo 82. Alifungua kwa yai moja la kuchemsha na slesi ya mkate wenye siagi. Miaka mitano baadaye alikuwa na kilo 89, jambo ambalo kwangu ni ajabu kuliko siku 382 zenyewe, maana wengi wapunguao kwa kishindo hurudia unene wao.

Kisa hicho hunukuliwa sana, na wenye kukinukuu husahau makaburi yaliyo jirani nacho. Mwaka 1969 jarida la Lancet lilieleza habari za msichana wa miaka 20 aliyefungishwa wiki 30 kwa ajili ya unene, akafa ghafla siku chache baada ya kuanza kulishwa tena, na alipopasuliwa ikaonekana nyuzi za misuli ya moyo wake zimekatika katika vipande. Hakuwa peke yake. Mahospitali yakaiacha tiba hiyo kimya kimya.

Ikarudi kwa mlango mwingine, tena mlango wa starehe: televisheni. Agosti 2012 mwandishi na tabibu Michael Mosley alionyesha katika BBC namna alivyofunga siku mbili kwa juma, na Januari 2013 kitabu chake, alichoandika pamoja na Mimi Spencer, kikatoka: siku tano kula kama kawaida, siku mbili kula kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Mwaka 2012 vilevile Satchidananda Panda na wenzake huko California walionyesha kwamba panya walishwao mafuta kwa saa nane tu hawanenepi kama wenzao walao usiku na mchana. Na mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi akapata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi seli iliyokosa chakula inavyokula taka zake yenyewe, utafiti alioufanya katika hamira, hamira hii hii tutiayo katika kaimati. Wauza vitabu wakatoka katika hamira mpaka katika kitambi cha mtu kwa hatua moja.

Mizani haikufanya haraka hiyo. Mjini Chicago, Krista Varady na wenzake waliwafuatilia watu 100 kwa mwaka mzima; katika 34 waliofunga siku moja na kula siku moja, 13 waliacha njiani, na waliobaki hawakupungua kwa kiasi cha kuwashinda wale waliopunguza chakula kila siku. Hayo yalitangazwa mwaka 2017. Mwaka 2022 wakatangaza wa Guangzhou, China, waliochukua watu 139 na kuwapunguzia wote kalori, nusu yao wakila baina ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu: baada ya mwaka wenye saa walipungua kilo 8.0 na wasio na saa kilo 6.3, tofauti ambayo kwa hesabu za watafiti haikuweza kutengwa na bahati. Kwa hiyo mfungo wa saa hupunguza mwili, naam, lakini kwa sababu afungaye hula kidogo. Saa yenyewe haikuonekana kuwa na miujiza.

Wenye elimu ya dini watakuwa wamekwisha tambua kwamba siku mbili za Mosley zafanana na sunna ya Jumatatu na Alhamisi, na siku moja kwa siku moja ya Chicago ndiyo sura ya saumu ya Nabii Daudi. Huku kwetu aliyeyasukuma zaidi mazungumzo haya ni Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa maradhi ya moyo, aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Nasaha zake za kupunguza milo zilienea barazani na katika daladala hata zikafanyiwa mzaha, na si jambo dogo kwa tabibu kufanyiwa mzaha na watu waliomsikia.

Ninaye jirani, bibi wa makamo, aliyejipima katika duka la dawa la mtaani siku ya mwandamo wa Ramadhani iliyopita, akajipima tena Idi Mosi, akakuta ameongeza kilo mbili. Nilipompa shikamoo asubuhi ile aliitikia marahaba na papo hapo akanishitakia mizani ya lile duka kwamba ni mbovu.

"Na zile kaimati, bibi? Na tambi za nazi?"

"Mwanangu, hiyo ni futari," akanijibu. "Futari haihesabiwi."

Lakini bibi huyu ana busara moja ambayo wengi wafungao kwa ajili ya mizani hawana. Yeye hutumia dawa za kisukari, na kabla mwezi haujaandama alikwenda kwa tabibu wake, akapangiwa upya vidonge vyake, vingine wakati wa futari na vingine wakati wa daku, akaambiwa na dalili za sukari kushuka, kutetemeka na jasho na kizunguzungu, na kwamba zikimjia afungue bila ya kungoja magharibi. Basi nawe msomaji, ikiwa watumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, au ni mja mzito, usiifuate saa ya simu yako kabla hujapita kwanza kwa tabibu.