Kabla ya Insta, jarida ndo lilikuwa linatuambia tuvae nini

Leo tunarudi nyuma kidogo.

Nikiwa mdogo, mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani mmoja, ukuta wake wote kabandika kurasa za majarida. Mteja anakuja na kitambaa chake, ananyoosha kidole: "Nataka kama hii." Maandishi hakuna aliyesoma. Na kurasa nyingi pale hazikuwa hata habari, zilikuwa matangazo ya biashara! Hapo ndo utajua picha ikiwa kali, husemi ni tangazo, unasema ni nguo yako.

Haikuanza hivyo lakini. Vogue lilipoanza New York mwaka 1892, nguo zilionyeshwa zaidi kwa michoro. Mwaka 1911 mpiga picha Edward Steichen akapiga magauni ya Paul Poiret, fundi mkubwa wa Paris, siyo kama bidhaa ya dukani bali kama ndoto fulani hivi. Julai 1932 Steichen huyohuyo akaipa Vogue jalada lake la kwanza la picha ya rangi: dada kavaa nguo nyekundu ya kuogelea, kanyanyua mpira juu. Picha moja, ujumbe umeisha.

Mbinu zao mpaka leo ni zilezile. Wanaacha nafasi tupu ili jicho lako likose pa kukimbilia. Wanaweka rangi moja inayopiga kelele. Mwanamitindo anakutazama wewe machoni. Na ukurasa wa mwisho nje, ule unaoonekana hata jarida likiwa limelala mezani kifudifudi, ndo bei yake imechangamka.

Sasa swali: nani anawekwa kwenye hiyo ndoto? Vogue la Marekani lilimweka mwanamke mweusi kwenye jalada kwa mara ya kwanza Agosti 1974, Beverly Johnson. Hesabu mwenyewe, miaka 82! Mwaka uliofuata akaonekana Iman, Msomali aliyekuwa anasoma chuo Nairobi. Mpiga picha aliyempeleka New York, Peter Beard, akawapigia watu stori kwamba kamtoa porini huko. Wakati binti wa watu baba yake alikuwa balozi! Yaani hata picha ikiwa ya kweli, maelezo yake yanaweza kuwa ya kutunga.

Nirudi kwa fundi. Dada yangu alishonesha gauni la kwenye ule ukuta kwa ajili ya harusi. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akaanza kulia. Anasema mwili wake ndo mbaya. Fundi akambandua yule mrembo ukutani, akamuuliza: "Mgongo wake umeuona?"

Hatukuelewa. Akatufafanulia kwamba nguo za kwenye picha mara nyingi zinabanwa kwa pini na vibanio nyuma, mbele zinakaa kama zimemwagwa. Kamera haizunguki kule.

Akalipunguza gauni kiunoni, dada akaenda harusini, akapendeza balaa.

Siku hizi ukuta wa fundi uko kwenye simu zetu, na pini zimekuwa filta. Ukiona picha ikakufanya ujichukie, jiulize lile swali la fundi. Mgongo wake umeuona?