Kilichowashika Washirika wa Misafara

Ushirika wa biashara hufungwa kwa siku moja, bali kudumu kwake ni kazi ya miaka. Tazama Unguja ya kale. Taria Topan, tajiri wa Kihindi, alimkopesha bidhaa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ndiye Tippu Tip. Huyu akashika njia ya bara mwaka 1870 hivi, asirudi Unguja hata 1882. Wala ushirika haukukatika.

Ni nini kilichowashika? Kwanza, kila mmoja alimhitaji mwenziwe: huyu ana mali, yule aijua njia. Pili, madeni ya misafara yakiandikwa, na kuandika deni ni amri ya Qur'ani. Tatu, jina la msafiri ndilo rasilimali yake. Akilivunja, hakopeshwi tena.

Lakini tusisifu kwa upofu. Misafara hiyo ilichukua pembe na watumwa pia. Washirika waliaminiana, wakawadhulumu wengine.

Basi huku kwetu Ilongero, Singida, mwenye alizeti na mwenye mashine ya kukamua mafuta na waandikiane, wapimiane kwa haki, na kibarua apewe ujira wake. Uaminifu wa wawili unaomdhulumu wa tatu si uadilifu.