Elimu ya Kuuliza Wachache kwa Ajili ya Wengi

Wafanyabiashara wa nafaka katika pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na chombo kiitwacho bambo, chenye ncha kali na uwazi ndani, kilichotiwa katika gunia ili kutoa punje chache za kuonwa. Mnunuzi mwenye busara hakulitia bambo lake juu ya gunia tu, mahali ambapo muuzaji aweza kutandaza nafaka njema. Alilitia ubavuni na chini pia. Wanachuoni wa elimu ya jamii nao walihitaji bambo la namna hiyo kwa kuyajua mambo ya watu, na ufundi wa kulitumia haukupatikana ila kwa kufundishwa. Historia ya mafunzo hayo ni historia ya swali moja: ni nani achague wa kuulizwa?

Marekani iliuonja mapema uchungu wa kulipuuza swali hilo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipeleka karatasi kama 10,000,000 kwa watu ambao majina ya wengi wao yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, likarudishiwa zaidi ya 2,000,000. Likatangaza ya kuwa Landon atashinda urais. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Wingi ule haukufaa kitu, kwani katika siku zile za dhiki mwenye simu hakuwa mfano wa asiye nayo, na wengi walioulizwa hawakujibu.

Kosa la mwaka 1948 lilikuwa la namna nyingine. Wapimaji wa maoni walimpa kila mdadisi hesabu ya watu wa kuwauliza: wanaume kadha, wanawake kadha, matajiri kadha na maskini kadha. Ndani ya hesabu hiyo mdadisi alimchagua amtakaye. Na kwa kuwa binadamu hupenda wepesi, aliwaendea walio karibu na wenye nafasi ya kuzungumza. Tena wapimaji waliacha kuuliza mapema, ilhali wapiga kura wengine walikuwa bado wakigeuza nia. Wakatabiri ushindi wa Dewey. Truman akapata karibu asilimia 50 ya kura, na Dewey 45. Wataalamu walioichunguza aibu hiyo, katika taarifa yao ya mwaka 1949, waliyataja mambo hayo mawili miongoni mwa sababu zake.

Mwaka huo huo wa 1948 shule ya kiangazi ya mbinu za uchunguzi ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, chini ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1946 kwa uongozi wa Rensis Likert. Miongoni mwa wataalamu wa kituo hicho alikuwamo Leslie Kish, mzaliwa wa Hungaria wa mwaka 1910, aliyehamia Marekani angali kijana na baadaye akapigana Hispania upande wa Jamhuri. Mwaka 1949 Kish alieleza jedwali dogo lililopata sifa kubwa. Mdadisi afikapo nyumbani, huandika watu wazima wote: wanaume kwanza, kuanzia mkubwa hata mdogo, kisha wanawake vivyo hivyo. Ndipo jedwali lililokwisha kupangwa katika karatasi yake humwambia ni yupi wa kuulizwa. Ikiwa jedwali limemtaja kijana aliyekwenda kazini, hapana ruhusa ya kumwuliza baba aliyeketi barazani. Hapana budi kurudi jioni. Msingi wake ni huu: kila mtu awe na nafasi ya kuchaguliwa, na nafasi hiyo ijulikane kiasi chake.

Ama kwa mataifa mapya jambo hili lilikuwa zito zaidi. Serikali yataka kujenga shule na hospitali. Itajuaje mahitaji ya watu wake ikiwa haina orodha kamili ya majina wala fedha za kuhesabu wote kila mara? Mjini Calcutta, katika taasisi ya takwimu ambayo Mahalanobis aliianzisha mwaka 1931, mafunzo ya wanatakwimu wa kimataifa yalianza mwaka 1950. Mwaka 1961 Kish naye alianzisha mafunzo ya kiangazi kwa ajili ya wanatakwimu wa nchi za kigeni, na baada ya miaka wanafunzi wake walihesabiwa kutoka nchi zaidi ya 100. Mwaka huo huo chuo cha takwimu cha kuhudumia Afrika ya Mashariki kilianzishwa Dar es Salaam.

Matunda yake yalionekana. Uchunguzi wa uzazi uliofanywa Kenya mwaka 1977 na 1978, ukiwa sehemu ya uchunguzi wa dunia nzima, ulionyesha ya kuwa mwanamke mmoja angezaa kwa wastani watoto wapatao 8. Jambo zito kama hilo lisingeaminika kama wadadisi wangalizipita nyumba zilizo mbali na barabara.

Hapana shaka uteuzi mwema hauponyi swali baya, wala haumzuii mtu kusema uwongo. Lakini wamhakikishia mtu wa bonde la mbali kwamba sauti yake yaweza kufika sawasawa na ya jirani wa ofisi ya serikali. Na taifa lisilo na watu wake waliofundishwa kazi hiyo halina budi kujijua kwa punje alizochota mgeni.