Askofu wa Dakar, mapadri wake, na ndoa zilizobaki hewani

Wakatoliki wengi wa rika langu Misa ya Kilatini tunaijua kwa masimulizi ya bibi na babu. Padri anaelekea altare, waumini wako nyuma yake, na kwaya inaimba Kilatini ambacho hakuna aliyekisomea darasani lakini wote wanakijua kwa moyo. Ndiyo maana ukitaja ugomvi wa Askofu Mkuu Marcel Lefebvre na Roma, jibu la haraka ni kwamba wazee fulani wa Ulaya walikataa kuacha Kilatini. Basi, habari imekwisha.

Mimi naona haijaisha. Ukiufuatilia ugomvi ule mwaka hadi mwaka, utagundua kwamba uliwaumiza zaidi watu wa aina mbili ambao magazeti hayakuwa na habari nao. Wa kwanza ni padri kijana aliyeweka mikono yake ndani ya mikono ya askofu akaahidi utii. Wa pili ni mume na mke walioahidiana altareni mpaka kifo. Wote hao waliahidi mbele ya Kanisa. Sasa Kanisa likija kusema "mimi siku hiyo sikuwepo," ahadi inabaki ya nani?

Na msomaji asidhani hii ni habari ya Wazungu watupu. Lefebvre alizaliwa Tourcoing, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1905, akapadrishwa 1929, kisha akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, mapadri wale wale waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1932 akatumwa Gabon, akafundisha seminari na kuongoza misheni mpaka 1945. Mwaka 1947 akawekwa kuwa askofu wa kuongoza Wakatoliki wa Dakar, mwaka uliofuata akawa mwakilishi wa Papa kwa Afrika iliyotawaliwa na Wafaransa, na 1955 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Dakar. Mwaka 1949 alimpadrisha kijana Msenegali aitwaye Hyacinthe Thiandoum, na ni huyo huyo aliyerithi kiti cha Dakar mwaka 1962. Mkumbuke Thiandoum, tutamrudia.

Ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965. Lefebvre alikuwemo, tena katika kundi la maaskofu waliopinga mambo kadhaa, hasa uhuru wa dini na uhusiano na madhehebu mengine. Kwa hiyo Kilatini kilikuwa juu juu, kama povu. Maji yenyewe yalikuwa chini. Baada ya Mtaguso vijana waliotaka malezi ya kizamani wakamfuata, na Novemba 1970 akaanzisha Udugu wa Mtakatifu Pio wa Kumi huko Fribourg, Uswisi, kwa idhini ya askofu wa jimbo, François Charrière. Seminari ikawa Ecône. Mwaka 1975 askofu aliyefuata, Pierre Mamie, akaifuta idhini. Lefebvre akagoma kufunga.

Hapo ndipo jaribu la padri linapoanza. Tarehe 29 Juni 1976 vijana 13 walikuwa tayari kupadrishwa Ecône, na Roma ilikuwa imemkataza Lefebvre asiwapadrishe. Hebu fikiria uko kwenye mstari ule. Umesoma miaka mingi kwa ajili ya asubuhi hiyo. Mwalimu wako anakuambia utii kwa imani ya mababu ni mkubwa kuliko utii kwa barua. Barua inasema ukipadrishwa leo, leo hiyo hiyo umesimamishwa. Utaahidi utii kwa askofu, na tendo lenyewe la kuahidi ni kosa la utii. Sijui kama kuna shimo la dhamira lililochimbwa vizuri kuliko hilo. Wote 13 walipadrishwa. Mwezi uliofuata Lefebvre naye akasimamishwa asitoe sakramenti yoyote.

Wiki tano kabla ya upadrisho ule, tarehe 24 Mei 1976, Papa Paulo VI alikuwa amemlaumu Lefebvre hadharani kwa jina mbele ya makardinali. Katika mkutano huo huo Papa alikuwa anatangaza makardinali wapya, na mmoja wao alikuwa Thiandoum wa Dakar. Mtu anapewa kofia nyekundu siku ile ile ambayo baba aliyempa upadri analaumiwa mbele ya dunia! Thiandoum hakumkana wala hakumfuata. Kwa miaka mingi alijaribu kumpatanisha na Roma, akashindwa. Alifariki 2004, ugomvi ukiwa bado mbichi. Kwangu mimi huyu ndiye mtu wa kuandikiwa kitabu.

Nisimpambe Lefebvre, hata hivyo. Agosti 1976 aliadhimisha Misa mjini Lille mbele ya maelfu ya watu, na katika mahubiri akaisifia serikali ya kijeshi ya Argentina, wakati ule ule ambapo serikali hiyo ilikuwa inawapoteza watu wake. Siasa ile iliambatana na kundi lake kama kupe, na waliokuja kwa ajili ya sala tu walijikuta wanaibeba pia.

Sasa twende kwa wanandoa, maana hapa ndipo sheria inapokuwa nzito. Kwa mafundisho ya Kikatoliki, Misa ya padri aliyesimamishwa ni Misa kweli, ingawa anaiadhimisha kinyume cha sheria. Upadri haufutiki. Lakini kitubio na ndoa haviko hivyo. Padri akiungamisha anakaa kama hakimu, na hakimu hata awe na shahada ngapi, akikaa chini ya mwembe bila kupangiwa mahakama, hukumu yake ni maneno tu. Padri anahitaji ruhusa ya askofu ili ondoleo lake liwe na nguvu, isipokuwa kwa mtu aliye katika hatari ya kufa. Ndoa nayo ni vivyo hivyo: lazima ifungwe mbele ya paroko au askofu wa mahali, au padri au shemasi aliyepewa mamlaka na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Bila hivyo si ndoa yenye kasoro. Si ndoa.

Sheria hii ina historia tamu. Zamani Ulaya watu waliweza kuoana kwa siri, wakiahidiana wawili tu, na ndoa ikawa halali. Matokeo yake unaweza kuyakisia: mwanamume anamchoka mke, anakana kwamba aliwahi kuahidi lolote, anamwoa mwingine kanisani kwa shangwe. Shahidi hakuna. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukaziba tundu hilo kwa kudai paroko na mashahidi. Lakini amri ile ilifanya kazi pale tu ilipotangazwa, kwa hiyo sehemu nyingi ilibaki haifuatwi. Aliyeieneza karibu Kanisa lote la Kilatini, kwa amri ya 1907 iliyoanza kazi 1908, ni Papa Pio wa Kumi. Ndiyo, yule yule ambaye Udugu wa Lefebvre unabeba jina lake.

Amri hiyo ya Pio wa Kumi iliacha dirisha dogo. Kama paroko hapatikani kwa mwezi mzima, wachumba wanaweza kuoana mbele ya mashahidi wawili tu. Ukizijua nchi za misheni, ambako kigango kiliweza kukaa muda mrefu bila kuona padri, unaelewa kwa nini dirisha lile lilikuwepo, na mpaka sheria ya Kanisa ya 1983 lipo. Mapadri wa Udugu walipita hapo hapo. Walisema paroko anaonekana, kanisa lake liko kona ile pale, lakini kwa muumini anayeona mafundisho mapya yanahatarisha imani yake, huyo ni sawa na hayupo. Maaskofu wakajibu kwamba paroko yupo, anakunywa chai nyumbani kwake, mkabisheni hodi.

Nani alikuwa sahihi? Wataalamu wa sheria wa Roma karibu wote walisema ndoa zile ni batili. Lakini hebu shuka kutoka kwa wataalamu uende mezani kwa familia. Bibi harusi wa mwaka 1980 ana watoto sita, anasali rozari kila jioni, hajawahi kumsaliti mumewe, na shemeji yake anayesali parokiani anamwambia wazi kwamba mbele ya Kanisa anaishi kinyumba. Akienda kuungama kwa padri wa Udugu, anaambiwa ondoleo halina nguvu. Akienda kwa paroko, anaambiwa kwanza tuweke ndoa sawa. Wengine ndani ya nyumba moja waligawanyika: mume anaenda Misa ya zamani, mke parokiani, watoto wanazunguka katikati.

Kibaya zaidi kilikuja pale ndoa ilipochoka. Mwenza aliyetaka kuondoka hakuhitaji kuthibitisha kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Alipeleka karatasi kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo, akaonyesha kwamba padri aliyewaoza hakuwa na mamlaka, na ndoa ikatangazwa batili. Akawa huru kuoa tena kanisani. Yaani sheria iliyotungwa ili mwanamume asiweze kumkana mkewe ikawa njia nyepesi ya kumkana! Kwa upande wake Udugu, katika miaka ya 1990, ukaunda tume zake za kupitia kesi za ndoa, kwa kuwa haukuamini tena maamuzi ya majimbo. Ikawezekana mtu awe huru kwa askofu na awe bado na mke kwa padri wake wa kila Jumapili.

Kati ya hapo mambo yalizidi kuharibika. Mei 5, 1988 Lefebvre alitia saini makubaliano na Kardinali Joseph Ratzinger, na kesho yake akayarudisha nyuma. Juni 30 mwaka huo aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa Yohane Paulo II. Roma ikatangaza kwamba yeye na hao wanne wamejitenga na Kanisa. Mapadri wake wakawa na siku chache tu za kuamua. Kumi na wawili waliondoka, na Julai 18 wakaanzisha Udugu wa Mtakatifu Petro, wakibaki na Misa ya zamani chini ya Papa. Kwa waliowaacha Ecône wakawa wasaliti. Kwa maaskofu wengi wa majimbo wakabaki watu wa kutiliwa mashaka. Waumini nao hawakupona: mwaka 1991 askofu wa Honolulu aliwatangaza walei sita kuwa wametengwa kwa kushirikiana na kundi hilo, na ilibidi ofisi ya Ratzinger huyo huyo ifute hukumu hiyo mwaka 1993. Miaka miwili jina lako liko kwenye orodha ya waliotengwa, halafu unaambiwa haikuwa sahihi.

Lefebvre alifariki Machi 1991, akazikwa Ecône. Januari 2009 Ratzinger, sasa Papa Benedikto XVI, aliwaondolea wale maaskofu wanne adhabu, na habari nzima ikafunikwa na mmoja wao, Richard Williamson, aliyeonekana kwenye televisheni ya Sweden akikana mauaji ya Wayahudi katika vyumba vya gesi. Dunia ilijadili hilo, na kwa haki. Ila suala la kitubio na ndoa likabaki pale pale, maana kuondolewa adhabu hakukumpa padri yeyote mamlaka.

Aliyeligusa ni Papa Fransisko, ambaye hakuna aliyetarajia afanye hivyo. Mwaka 2015 alitangaza kwamba katika Mwaka wa Huruma waumini wakiungama kwa mapadri wa Udugu ondoleo lao ni halali, na Novemba 2016 akaongeza muda bila kikomo. Machi 2017 ikatoka barua ya Roma kuhusu ndoa. Askofu wa mahali anaweza kumtuma padri wa jimbo apokee ahadi za wachumba, kisha padri wa Udugu aendelee na Misa. Na kama hilo haliwezekani, askofu anaweza kumpa padri wa Udugu mwenyewe mamlaka. Barua ilisema lengo ni kuondoa wasiwasi katika dhamira za watu. Ni Fransisko huyo huyo ambaye Julai 2021 aliibana Misa ya zamani katika majimbo, akawashtua wale waliobaki watiifu tangu 1988. Nani angekisia?

Tungedhani 2017 Ecône walipiga vigelegele. Wengine ndiyo. Lakini mapadri saba wakuu wa maeneo katika Udugu huko Ufaransa waliandika barua ya wazi Mei mwaka huo, wakisema kuipokea ruhusa hiyo ni kukubali kwamba ndoa za nyuma zilikuwa na shaka. Wakavuliwa vyeo na wakubwa wao, kwa kosa la kutotii.

Walioolewa kabla ya 2017 barua haikuwagusa. Sheria ya Kanisa ina njia kwa ajili yao: askofu anaweza kuiponya ndoa tangu mzizi wake, bila wenzi kurudia ahadi, kana kwamba ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Karatasi moja na sahihi moja. Ila kwa kawaida mmoja wa wenzi hukubali kwanza kwamba kuna kitu cha kuponya, na kwa bibi aliyeolewa mwaka 1980 kwa padri aliyempenda, hapo ndipo mazungumzo yanapokwama.