Samaki Walioondoka kwa Bahasha

Kuna watu Ulaya wanaonunua majani makavu ya mkungu. Si utani. Yanafungwa kwenye pakiti, yanauzwa kwenye intaneti, na mnunuzi analipa kisha anasubiri posta. Hapa Malindi majani hayo hayo tunayafagia asubuhi na kuyachoma, na watoto wanachojali kwenye mti ule ni kungu zake tu. Wanunuzi wenyewe ni wafugaji wa samaki wa majumbani. Jani likilowa hutoa rangi ya chai na asidi kidogo, maji yakaanza kufanana na ya mto wa msituni. Wananunua na kifuu cha nazi pia. Kinatobolewa mlango, kinafunikwa juu ya mchanga, na hiyo inakuwa nyumba ya siklidi kibete.

Siklidi ni ukoo wa tilapia unayemjua kwenye sahani. Vibete ni wale wadogo, urefu wa kidole, ambao hakuna atakayewakaanga. Mimi nafuga kribensisi, au kwa jina la kitabuni Pelvicachromis pulcher. Tangi langu ni la futi mbili kwa moja kwa moja, limeungwa kwa silikoni na fundi wa vioo hapa Maweni, na linaingia lita hamsini na kitu. Ndani mna mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe (wa pwani una magamba na chokaa nyingi), sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na vifuu viwili. Akiwa tayari kutaga, jike hugeuka tumbo likawa jekundu kama zambarau iliyoiva nusu, na yeye ndiye anayemtongoza dume. Mayai anayabandika kwenye dari ya kifuu. Baba anazunguka nje kufukuza kila kinachosogea, hata kidole changu. Baada ya siku kama tatu mayai yanaanguliwa, na wiki hivi ikipita mama anatoka mlangoni na wingu la watoto nyuma yake. Ukiona mara moja, basi, umeshikwa.

Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa na hayana asidi. Kwa kribensisi hilo si jambo dogo, kwa sababu watafiti wameonyesha kwamba maji wanamokulia watoto huchangia kuamua jinsia yao: yenye asidi huleta madume zaidi. Kizazi changu cha kwanza kilikuwa kama harusi ya upande wa bibi harusi. Sasa nakinga maji ya mvua kwenye mabati, natia na majani ya mkungu, ya bure.

Jozi ile niliiagiza Nairobi, ikaja na basi la usiku ndani ya mfuko uliojazwa hewa. Samaki wa Afrika hawa, muuzaji aliniambia, na ni kweli, kwao ni mito ya kusini mwa Nigeria. Ila wengi walioko sokoni ni vizazi vya mashamba ya mbali. Mwafrika amezunguka dunia ndipo akafika Malindi. Nilikuwa nikisoma namna ya kuwalisha watoto wake nilipokutana na orodha ya samaki wengine wanaofugwa Ulaya, na humo, katikati ya Kilatini, nikaona neno Kikambala. Chini kidogo, Malindi.

Wale si siklidi. Jenasi yao ni Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya mvua, na mambo yao ukiyasimulia utaonekana mwongo. Mvua za mwaka zikijaza dimbwi, mayai yaliyolala ardhini yanaanguliwa. Ndani ya wiki chache tu samaki wamekomaa na wanataga kwenye tope. Dume ana rangi za khanga mpya, nyekundu na buluu, na jike ni wa kijivu tu. Jua likikausha dimbwi wote wanakufa. Mayai yanabaki ndani ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa, yamesimamisha ukuaji, mpaka mvua nyingine. Mtu akikuambia samaki hawa hushuka na mvua, usimcheke. Macho yake yameona hivyo hivyo.

Historia yao ya maandishi imeandikwa na wapita njia. Franz Stuhlmann, Mjerumani, aliwachota Unguja mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akampa mmoja jina guentheri, kwa heshima ya mtaalamu wa jumba la makumbusho la London. Halafu ikaja enzi ya ndege za watalii. Miaka ya 1970 Wajerumani na Wazungu wengine walikuwa wakishuka pwani hii kwa wingi kufuata jua na mchanga, lakini wafugaji wa samaki waliokuja huku walikuwa na vijavu, na waliangalia upande wa pili wa barabara, penye madimbwi ambayo sisi tunayaruka tusilowe viatu. Mwaka 1979 Wildekamp, Mholanzi, na Berkenkamp, Mjerumani, waliwaelezea kisayansi samaki wawili wa pwani yetu. Wa Kikambala wakamwita Nothobranchius interruptus. Wa kaskazini mwa Malindi wakamwita Nothobranchius jubbi, kwa jina la R. A. Jubb wa Afrika Kusini. Huyo Jubb ndiye aliyekuwa amemtaja kisayansi mwaka 1971 ndugu yao wa Zimbabwe, furzeri, ambaye maisha yake mafupi yamemfanya kipenzi cha maabara za kuchunguza uzee. Mwaka 2015 vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Ujerumani, vilichapisha ramani ya vinasaba vyake.

Waliondokaje? Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mfugaji huweka bakuli la mboji laini ndani ya tangi, samaki wanataga humo. Anaikamua mboji mpaka iwe kama tumbaku, anaifunga mfukoni, anaandika tarehe na mahali. Mayai yanakaa hivyo kwa wiki au miezi, makavu kiasi, hai. Mfuko unaingia kwenye bahasha. Anayeupokea, hata akiwa nchi nyingine, anamwagia maji baridi, na ndani ya saa chache samaki wa Kikambala wanaogelea jikoni kwa mtu. Tena wafugaji makini hawachanganyi dimbwi na dimbwi: kila ukoo una jina la mahali, mwaka na namba ya aliyeuchota. Kuna watu Ulaya wanaotunza nasaba ya dimbwi la Kikambala kuliko sisi tunavyotunza makaburi ya mababu.

(Kwa Kiingereza samaki hawa huitwa killifish. Nilifurahi sana nikidhani ni Kilifi yetu. Wapi! Ni neno la Kiholanzi, kil, yaani kijito.)

Nilimwonyesha shangazi yangu picha ya dume wa jubbi. Akaiangalia, akacheka. "Hivi visamaki vya dimbwi la mvua? Tulikuwa tukivichota na ndoo, mwanangu, tukivimwaga." Hakuna aliyewahi kumwambia vina jina. Yeye na wenzake walijua dimbwi gani linavyo na lipi halina, na ujuzi huo haukuingia kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na samaki wa matumbawe ana askari wake. Wa dimbwini hana hata kibao. Kwa nini awe nacho, wakati dimbwi lenyewe kwa miezi kadhaa ni ardhi kavu tu, ploti ambayo bado haijajengwa? Barabara ya Mombasa kwenda Kilifi inapanuliwa, Kikambala inagawanywa viwanja, na kaskazini, kutoka Gongoni kuelekea Marereni, kuna mashamba ya chumvi. Dimbwi likimwagiwa kifusi wakati wa kiangazi hakuna samaki atakayeonekana akifa. Yai haliwezi kuhama. Na anayelijaza kwa kuogopa mbu anawafukia walaji wa viluwiluwi.

Sisemi uende na ndoo ukachote dimbwi zima, na kribensisi wako akikuchosha usimtupe humo. Ninachokitaka ni ramani. Tangu mvua zilizopita nimeanza kuwauliza wazee, kijiji kwa kijiji, madimbwi yenye visamaki yako wapi na huwa yanakauka mwezi gani. Mpaka sasa ninayo kumi na moja kwenye daftari. Mawili nimeyafikia nikakuta misingi ya nyumba. Moja liko nyuma ya uwanja wa mpira, lina nyufa zinazoingia mkono, na kijana anayelisha mbuzi hapo ameahidi kunipigia simu siku litakapojaa.