Shule ya Wasichana ya Mathari na Matunda Yake

Yubilei ikifika, watu hupenda kukumbuka makanisa yaliyojengwa, kengele zilizoletwa kutoka Ulaya, na mapadre waliolala makaburini mwetu. Ni haki kuyakumbuka hayo. Lakini liko jengo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni elimu waliyopewa watoto wa kike. Juu ya hilo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazazi.

Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwezi wa Juni mwaka 1902. Mwaka 1904 walikutana Murang'a kufanya shauri juu ya njia za kuieneza Injili, wakakubaliana mambo haya: kuwafundisha makatekista, kufungua shule, kuwatembelea watu nyumbani mwao, na kuwatibu wagonjwa. Basi shule ilikuwa miongoni mwa misingi tangu mwanzo. Lakini wavulana ndio waliotangulia. Masista wa Cottolengo walikuwa wamekwisha kufika mwaka 1903, na Masista wa Consolata wakaja mwaka 1913. Ndipo kina mama na binti zao walipopata walimu wa kike wa kukaa nao, kuwatembelea na kuwafundisha.

Tusidhani kwamba wazazi wa zamani walikuwa wagumu wa moyo. Msichana ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa mama yake. Alfajiri huteka maji mtoni, kisha hutafuta kuni. Mchana hulima pamoja na mama, na mdogo wake yu mgongoni. Tena akiolewa, baba hupokea mbuzi wa mahari. Mtu akimwambia mzazi huyo, "Mtoe binti yako aende kutazama herufi ubaoni," ni sawa na kumwambia, "Acha shamba lako liote magugu." Kwa sababu hiyo wasichana walikuja shule wachache, wakachelewa kuja, na wengi wakaondoka kabla ya kujua kusoma vema.

Masista hawakungoja shuleni. Sista Irene Stefani, baada ya kuwahudumia wapagazi wagonjwa katika Vita Kuu ya kwanza, alipelekwa Gikondi mwaka 1920, akakaa huko miaka 10. Alifundisha shuleni, naye alipanda na kushuka milima kwa miguu akiwatafuta watoto na wagonjwa majumbani. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kumwuguza mwalimu mwenye tauni. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa kuwa Mwenye Heri huko Nyeri.

Sasa tuje Mathari. Baada ya mwaka 1949 masomo ya Waafrika katika Kenya yalipangwa kwa madaraja matatu: miaka 4 ya shule ya chini, miaka 4 ya shule ya kati, na miaka 4 ya sekondari. Kila mwisho wa daraja palikuwa na mtihani, na katika kila mtihani wengi walibaki nyuma. Shule ya kati ya wasichana ya Mtakatifu Sesilia, katika misheni ya Mathari, ilikuwa ya bweni chini ya Masista wa Consolata. Faida ya bweni kwa msichana ilikuwa kubwa: hapana mtungi wa kujaza kabla ya somo la kwanza, wala mtoto wa kubeba wakati wa hesabu. Siku ilikuwa na saa ya sala, saa ya darasa na saa ya kazi za mikono.

Hapo alikuja mtoto mmoja wa kijiji cha Ihithe, aliyezaliwa mwaka 1940, jina lake Wangari. Mwanzo wa elimu yake ulikuwa swali tu: kaka yake alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama huyo hakusoma, na kazi ya nyumbani ilikuwa nyingi. Lakini hakuona sababu ya kukataa, akakubali. Alipopata miaka 11, Wangari akapelekwa Mathari.

Ukweli wote usemwe. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, ameeleza kwamba shuleni humo aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivishwa kifungo cha aibu, na jioni mwenye nacho alipewa adhabu ya kazi. Desturi hiyo ilikuwako katika shule nyingi za siku zile. Wasichana walijifunza Kiingereza upesi, lakini walijifunza pia kuidharau lugha ya mama zao. Walimu wanaosoma habari hii na wapime: mtoto aweza kupewa lugha ya pili pasipo kuaibishwa kwa ile ya kwanza.

Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Nchi ya Nyeri ikajaa askari, watu wakahamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye handaki, na nyumba moja iliweza kugawanyika pande mbili. Katika miaka hiyo ya hofu wasichana wa Mathari waliendelea na masomo, hali wengi hawakujua ya nyumbani. Kumaliza daftari la hesabu katika siku kama zile ni ushindi usioandikwa katika cheti.

Mwaka 1956 Wangari alimaliza, akiwa wa kwanza katika darasa lake, akaingia sekondari ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 akapelekwa Marekani, katika chuo cha Masista Wabenediktini huko Atchison, akapata shahada mwaka 1964. Mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, na mwaka 2004 Profesa Wangari Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Lakini mti mmoja si msitu. Katika siku zake, msichana aliyemaliza sekondari alitazamiwa kuwa mwalimu au mwuguzi, na wengi wakawa hivyo. Hao hawakupewa tuzo, wala majina yao hayakuandikwa magazetini. Hata hivyo wagonjwa waliuguzwa nao, na watoto wa vijiji vyetu walisoma herufi za kwanza mikononi mwao.

Basi, wazazi, mkiona binti amekaa nyumbani siku ya shule, ulizeni swali lile la kaka yake Wangari: kwa nini yeye haendi? Nanyi walimu, msimhesabu msichana wa mwisho darasani kuwa si kitu. Mche hupandwa mdogo, na apandaye hajui ni nani atakayeketi kivulini.